Msomaji wa Zamu ya Usiku

"Kaka, nimefika ukurasa wa 41. Niendelee?"

Ujumbe huu uliingia kwenye simu yangu saa nane za usiku. Niliuona alfajiri, nikiwa nimesimama jikoni nasubiri maji ya chai. Aliyeutuma ni dada mmoja, muuguzi katika hospitali moja hapa Dar es Salaam, ambaye tumefahamiana kwa ajili ya vitabu tu. Uso wake nimeuona mara mbili. Wiki chache kabla ya hapo nilikuwa nimeandika habari za riwaya mpya na kuisifu bila kubakiza: lugha yake inatiririka, wahusika wake wana damu na nyama, mwandishi ameiva. Yeye akasoma, akaniamini, akatoa shilingi 20,000 akaenda kuinunua. Sasa yuko zamu, wodi imetulia, na katika dakika chache anazozipata kati ya dripu ya huyu na sindano ya yule amefungua kitabu nilichomwambia ni kizuri. Kinamgomea.

Nilijua vizuri anachokutana nacho pale. Kuanzia ukurasa wa 38 au 39 mwandishi anaacha kusimulia na kuanza kuhutubia. Kijana aliyekuwa akivua samaki ghafla anazungumza kama mgeni rasmi, na hanyamazi mpaka sura ya sita. Hayo niliyajua, lakini nilikuja kuyajua baadaye. Mwandishi ni rafiki yangu wa siku nyingi. Nilikwenda kwenye uzinduzi, nikala pilau yake, nikapiga naye picha tumekishika kitabu kwa mikono miwili, na usiku uleule nikaandika sifa zangu kabla sijafika hata robo. Yote niliyoyasifu yalikuwa kweli kwa kurasa 30 za mwanzo.

Nikamwandikia: "Usiendelee, dada. Nilikisifu kabla sijakimaliza. Nisamehe."

Jibu lake lilikuja saa mbili asubuhi alipotoka zamu. "Haya kaka, yameisha. Nitafutie kingine. Ila hicho kisome chote kwanza."

Ni miaka mitatu sasa. Maneno yake manne ya mwisho niliyaandika kwa wino kwenye karatasi nikaibandika ukutani juu ya meza ninaposomea, na kila kitabu kipya kinachoingia nyumbani kwangu, kiwe cha hadithi au cha mambo ya kweli, kinapita chini ya karatasi ile.

Watu wanaoishi na vitabu husahau bei yake. Wachapishaji wananiletea nakala bila malipo, waandishi wananipa zao zikiwa na sahihi na maneno ya upendo ukurasa wa mbele, na mtu anayekula bure hawezi kujua chakula kina thamani gani. Shilingi 20,000 kwa yule dada ni mchele wa wiki nzima nyumbani kwake. Ameutoa kwenye bajeti akaweka kitabu mahali pake. Tangu siku ile nimejiwekea sharti: kitabu ninachotaka kukisifia watu, nakinunua. Nikishapewa nakala ya bure na nikaipenda, naigawa, kisha nakwenda duka la vitabu la TPH pale Mtaa wa Samora, au kwa muuzaji mwingine yeyote aliyenacho, natoa pesa yangu mfukoni, napanda daladala nikiwa nimekipakata. Njiani najiuliza kama pesa ile inaniuma. Kama inauma, sifa zinapungua.

Neno tunalolitumia kwa kazi hii, uhakiki, lina uzito ambao sisi tunaolitumia kila siku tumeuzoea mno. Limetoka kwenye hakika. Kuhakiki ni kutafuta hakika ya jambo, kama kweli liko vile linavyosemwa kuwa. Mwaka 2017, watumishi wa umma walipohakikiwa vyeti na majina 9,932 kutajwa kuwa na vyeti vya kughushi, neno hili liliingia kila nyumba Tanzania, likakaa na woga wake. Mpaka leo nikimwambia mwandishi chipukizi kwamba nakihakiki kitabu chake, namwona anabadilika uso kama aliyeambiwa alete cheti cha kidato cha nne. Wengine wameniomba niite mapitio, au maoni tu. Nimekataa. Mtu ameandika juu ya jalada kwamba hiki ni kisa cha kusisimua, au kwamba huu ndio ukweli wa historia yetu ambao haujawahi kusemwa. Lazima apatikane wa kulitafutia hakika dai hilo kabla dada hajatoa pesa yake.

Shida ni kwamba wengi wetu uhakiki tuliujua darasani, na hatujatoka humo. Nilifundisha Kiswahili sekondari miaka 11, kwa hiyo ninalolisema nimelitenda kwa mikono yangu. Nilisimama ubaoni nikachora mstari katikati: upande huu fani, upande huu maudhui. Chini ya fani nikapanga muundo, mtindo, matumizi ya lugha, wahusika, mandhari, jina la kitabu. Chini ya maudhui nikapanga dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa, mtazamo. Wanafunzi wakanakili, wakakariri, wakafaulu. Kazi ile ilikuwa na maana yake, maana mtihani ulikuwa unakuja na mtoto wa watu anataka alama. Lakini fungua leo maandishi mengi kuhusu kitabu kipya, utakuta ubao uleule: dhamira kuu katika riwaya hii ni ukombozi wa mwanamke, dhamira ndogondogo ni rushwa, mapenzi na umaskini. Dhamira hizo utazipata katika nusu ya riwaya zote za Kiswahili. Msomaji hajaambiwa kwa nini anunue hii asinunue ile.

Kenya wamefika mbali zaidi kwa njia hiyohiyo. Kila vitabu vya fasihi vya mtihani vinapobadilishwa, miongozo yake inajaa madukani, na wapo vijana wanaosoma mwongozo mwanzo hadi mwisho bila kukigusa kitabu chenyewe. Wasomi wa vyuo nao wana mahali pao, kama majarida yaitwayo Kiswahili na Mulika yanayotolewa na TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mahali hapo nina heshima napo. Nimejifunza mengi humo. Ila wote hao, mwalimu, mwongozo na profesa, wanazungumza na mtu aliyekwisha kusoma kitabu au anayelazimika kukisoma. Mimi nazungumza na mtu ambaye hajakisoma, hana wa kumlazimisha, na amechoka.

Mtu huyo yupo, na si kweli kwamba hasomi. Anayesema Watanzania hawasomi na apite maeneo ya Posta jioni, awaangalie wauza vitabu vya mitumba waliotandaza turubai kando ya njia. Utakuta riwaya za upelelezi za miaka ya 1970 na 1980, za Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa, zimechakaa hadi jalada limegeuka kitambaa, kurasa zimeshonwa upya kwa uzi wa gunia. Kitabu hakifiki hali hiyo kwa kukaa kabatini. Kimepita mikononi mwa madereva, makarani, mabinti wa bweni, wafungwa pengine, na kila mmoja alimwambia mwenzake jambo moja: chukua hiki, utakesha. Mimi sikupata kusoma uhakiki wowote wa vitabu vile nilipokuwa mdogo. Nilimwona baba amekaa kwenye kigoda uani, taa ya chemli imeletwa karibu, chakula kinapoa, na mama hamsemeshi kwa kuwa anajua hatajibiwa. Uhakiki wote ninaouandika ni jaribio la kumwonyesha msomaji picha ile, au kumwambia kwa upole kwamba kwa kitabu hiki hataipata.

Kipimo changu kikubwa nakipata nyumbani. Nikishamaliza kitabu, nachagua kurasa mbili, si zilizo bora kabisa, za kawaida tu za katikati, namsomea mke wangu kwa sauti wakati anachambua mchele. Simwambii ni kitabu gani wala nimekionaje. Naangalia mkono. Mchele uko kwenye ungo, vidole vinatembea, vinatoa chuya, vinatoa kijiwe, vinasukuma. Kitabu kikiwa kibovu mkono hauna habari nacho, unaendelea mpaka ungo unakwisha. Kikiwa na kitu, kuna mahali mkono unasimama. Unabaki juu ya mchele kama umesahauliwa. Hapo naweka alama ya penseli pembeni ya mstari, na mara nyingi uhakiki wangu unaanzia kwenye mstari huo.

Mkono ule ulisimama kwa muda mrefu siku niliyomsomea Peponi.

Naomba nikae kidogo kwenye kitabu hiki, kwa kuwa kimenifundisha kazi kuliko kingine chochote. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar wa mwaka 1948, alipopata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwezi Oktoba 2021, hapa nyumbani furaha ilichanganyika na swali: ni nani huyu? Riwaya zake zote zilikuwa za Kiingereza, zimechapishwa Uingereza, na maduka mengi hayakuwa nazo. Mwaka uliofuata wachapishaji Mkuki na Nyota wakatoa Peponi, tafsiri ya riwaya yake ya mwaka 1994, iliyofasiriwa na Ida Hadjivayanis, mwalimu wa Kiswahili pale chuo cha SOAS, London. Miaka 28 hadithi ya pwani yetu na bara yetu ilikuwa ikizunguka dunia, ndipo ikafika kwa lugha ya watu wanaosimuliwa ndani yake. Kwa msomaji wangu hicho ni kitabu kipya kabisa.

Uhakiki wangu wa kwanza niliuanza kwa Nobel. Kisha nikataja kwamba riwaya hiyo iliwahi kuingia orodha ya mwisho ya tuzo ya Booker. Nikaeleza ukoloni wa Kijerumani. Nilipoinua macho nikaiona karatasi ukutani, nikamkumbuka dada kwenye meza ya wauguzi, nikajua haya hayamhusu saa nane za usiku. Nikafuta yote. Nikaanza na sarafu.

Kuna mtoto anaitwa Yusuf, ana miaka 12, anaishi mji uitwao Kawa, mji uliochangamka Wajerumani walipoufanya kituo cha kujengea reli kisha ukasinyaa walipokwisha kupita. Baba yake ana hoteli ndogo isiyo na wateja. Mara kwa mara anafika mfanyabiashara tajiri, Aziz, ambaye mtoto amezoea kumwita kwa jina la ndugu, na kila anapoondoka anamwachia Yusuf sarafu ya anna kumi. Nyumba ina njaa, lakini akija mgeni huyu vinapikwa vyakula vya sikukuu. Mtoto anampenda mgeni kwa sababu ya sarafu na kwa sababu ya chakula. Halafu siku moja mgeni anaondoka, na safari hii anaondoka na mtoto pia, kwa treni. Yusuf haendi kutembea. Amewekwa rehani kwa deni la baba yake. Nayasema haya kwa kuwa yanajulikana mapema kabisa kitabuni. Yanayofuata siyasemi, na msomaji akiniuliza simwambii.

Humo humo kuna jambo ambalo mhakiki wa Kiingereza hawezi kulisema na mhakiki wa Kiswahili hana ruhusa ya kuliacha. Kiingereza kina neno moja tu, uncle, kwa mjomba, ami, baba mdogo na baba mkubwa, na humwita kwa neno hilohilo hata mtu mzima asiye ndugu. Hadithi nzima inaning'inia kwenye neno hilo. Dukani kwa Aziz, kijana mkubwa aitwaye Khalil anamwambia Yusuf wazi kwamba yule si ndugu yako, mwite Seyyid. Sasa mtie Mswahili katika kazi hiyo. Mjomba ni mtu wa kwa mama. Unamtania, unamdai, unalala kwake bila kuulizwa. Ami ni damu ya baba, ana amri juu yako. Mfasiri hana mahali pa kujificha, lazima achague tangu kurasa za mwanzo, na akishachagua tu, msomaji wetu anajua mtoto huyu anadhani anachukuliwa na mtu wa upande gani. Nilimwambia msomaji wangu aliangalie neno hilo kila linapotokea, ajiulize angehisi nini kama lingekuwa lile lingine. Na neno kifa urongo, ambalo Khalil anamwita nalo Yusuf kwa utani, katika Kiingereza lilikuwa mgeni anayehitaji kuelezwa. Kwetu halihitaji mkalimani. Bibi yangu alimwita hivyo mtoto yeyote aliyezubaa.

Nilisema pia pale kinapochosha. Safari ya msafara kwenda bara ni ndefu, ina majina mengi na ugomvi mwingi wa wapagazi, na mtu anayesoma kwa vipande vya dakika kumi anaweza kupotea. Nikamshauri dada asianze sehemu hiyo kazini. Aisubiri siku yake ya mapumziko. Ushauri wa namna hiyo hauingii katika fani wala maudhui, lakini ndio ulionifanya nipate ujumbe mwingi wa shukrani kuliko yote niliyosema juu ya lugha.

Vitabu vya mambo ya kweli vinataka mkono mwingine. Hapa msomaji anayenijia akilini ni mjomba wangu, mstaafu wa reli, yuko Morogoro, anavaa miwani yenye mguu uliofungwa kwa gundi na anapenda kumbukumbu za viongozi kuliko chakula. Tarehe 8 Mei 2021, siku Rais mstaafu Ali Hassan Mwinyi alipotimiza miaka 96, kilizinduliwa kitabu cha maisha yake, Mzee Rukhsa: Safari ya Maisha Yangu. Katika hafla ile Rais Samia Suluhu Hassan alimzawadia Mzee Mwinyi gari, na kwa siku kadhaa baadaye kila niliyekutana naye aliyezungumzia uzinduzi alizungumzia gari. Rangi yake, aina yake, kama ni haki au si haki. Kitabu chenyewe kilikaa kimya pembeni. Iliniuma. Rais mstaafu ameeleza maisha yake kwa Kiswahili, moja kwa moja, bila mtu kusubiri tafsiri, na sisi tunapimana maarifa ya magari.

Nilipokaa kumwandikia mjomba, nilifikiri ni lipi anapaswa kulijua kabla hajafungua ukurasa wa kwanza. Kwamba mtu huyu alizaliwa Kivure, Mkuranga, akapelekwa Zanzibar angali mdogo, akawa mwalimu kabla ya kuwa mwanasiasa. Kwamba katika miaka ya 1970, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, watuhumiwa walikufa mikononi mwa vyombo vya dola huko Shinyanga, naye, ambaye hakumgusa mtu, akajiuzulu kwa kubeba dhamana. Kwamba mwaka 1984 alichukua uongozi wa Zanzibar katikati ya msukosuko na mwaka mmoja baadaye akapokea nchi nzima ikiwa haina sukari, haina sabuni, haina nguo madukani, akafungua milango ya biashara mpaka watu wakampachika jina la Rukhsa. Vijana wengi wa leo hawalijui lile la kujiuzulu. Ukilijua, unakisoma kitabu kwa njia nyingine. Unafika mahali pale ukiwa na swali mkononi, unamsikiliza mzee anavyolisema, unapima anachokitaja na anachokipita. Mjomba alinipigia simu baada ya wiki mbili. Hakuzungumzia gari. Alizungumzia Shinyanga kwa dakika arobaini, kwa vocha yake mwenyewe.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, 2020, yalikuwa yametoka majuzuu matatu ya maisha ya Mwalimu Nyerere, kazi ya Issa Shivji, Saida Yahya-Othman na Ng'wanza Kamata. Ni kazi ya miaka mingi ya kuchimba nyaraka na kuhoji watu. Ilitoka kwa Kiingereza. Mjomba wangu aliyaona majuzuu hayo kwangu, akayapima uzito kwa mkono, akafungua, akafunga, akayarudisha mezani taratibu kama mtu anayerudisha kitu cha watu. Siku hiyo niliacha kabisa kuandika uhakiki kwa maana ya kushauri ununue au usinunue. Kwa vitabu vya namna hii, kwa watu wa namna ya mjomba, ninachokiandika ndicho kitakachowafikia. Kitabu chenyewe hakitawafikia. Kwa hiyo niliandika kwa urefu, sehemu nne, nikisimulia kwa Kiswahili yaliyomo: hoja ni ipi, ushahidi umetoka wapi, wapi waandishi wanamsifu Mwalimu na wapi wanambana. Kazi hiyo inachosha na haina malipo. Nitairudia kila kitakapotokea kitabu kikubwa kuhusu sisi kilichoandikwa kwa lugha ambayo wazee wetu hawaisomi.

Kuna mambo ambayo naona haya hata kuyataja, ila nayo ni ya msomaji. Riwaya moja niliyoinunua mwaka jana, kutoka kwa mchapishaji ambaye simtaji, ilinipeleka vizuri hadi ukurasa wa 112, kisha ukurasa uliofuata ukawa tena wa 97. Nikadhani nimefunua vibaya. Hapana, kurasa 97 mpaka 112 zilikuwemo mara mbili, na 113 mpaka 128 hazikuwemo kabisa. Vitabu hukunjwa kwa mafungu ya kurasa 16, na aliyekuwa akipanga mafungu alichukua moja mara mbili na kuliruka linalofuata. Katika kurasa zile 16 zilizokosekana mhusika mkuu alikuwa ameolewa na kuachika. Nilikwenda kubadilisha, nikapewa nakala nyingine yenye kasoro ileile. Niliandika habari hiyo kwenye uhakiki wangu, na nikaeleza namna ya kukagua: kabla hujalipa, simama palepale dukani, pitisha kidole gumba pembeni, angalia namba kila baada ya kurasa 16. Muuzaji mmoja alininunia. Wasomaji wawili wakaniandikia kwamba nakala zao zilikuwa hivyohivyo na walidhani ni mtindo wa mwandishi.

Tuzo nazo zimebadilisha hali. Tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell, ambayo baadaye iliitwa Safal-Cornell, ilianzishwa mwaka 2014, na Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilitolewa kwa mara ya kwanza Aprili 2023. Kwa ajili ya tuzo hizi miswada iliyokuwa ikioza kwenye mabegi imekuwa vitabu, na mimi nashukuru kwa moyo wote. Lakini kibandiko cha tuzo juu ya jalada kimeanza kutufanya wavivu. Nimesoma uhakiki usiosema kitu kingine chochote ila kwamba kitabu kilishinda.

Na yule rafiki yangu, mwenye riwaya ya ukurasa wa 41? Nilimfuata nyumbani kwake. Nilikuwa nimekisoma kitabu chote, mara mbili, na nilikuwa nimeandika upya. Niliona si haki akutane na maandishi yale barabarani kabla sijamweleza uso kwa uso. Tulikaa barazani. Nikamwonyesha mahali anapoacha kusimulia. Nikamsomea ule ukurasa wa 22, ambapo kijana anatengua nyavu na mama yake anamtazama kwa dirishani bila kusema neno, nikamwambia hapa ndipo ulipo, ndugu yangu, hapa hakuna anayekuweza. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza, "Kwa hiyo siku ile mbele za watu ulinidanganya?" Sikuwa na jibu. Tunasalimiana, tumezikana ndugu tangu hapo, lakini kahawa ya Jumapili haijarudi. Kosa langu halikuwa uhakiki wa pili. Lilikuwa ule wa kwanza, na nimemwambia hivyo, naye anajua. Namwombea aandike tena, na nitakinunua.

Dada muuguzi alinunua Peponi mwezi uleule nilipoandika. Kwa wiki sita sikusikia kitu. Nilikuwa nimeandika, pamoja na mengine, kwamba Yusuf wakati mwingine ananikera kwa upole wake, kwamba anapelekwa tu, na kwamba msomaji atatamani kumtikisa mabega. Nililiona hilo kuwa jambo la kweli, na mke wangu alikubaliana nami.

Ujumbe ulikuja tena usiku. Safari hii ulikuwa mrefu.

"Kaka, nimekimaliza chote. Safari ya bara niliisubiri likizo kama ulivyosema, asante. Ila umemkosea Yusuf. Mimi niliondoka kwetu Singida nikiwa na miaka kumi na mbili. Mama mmoja alikuwa anakuja kijijini kila mwaka, tulikuwa tunamwita shangazi, si ndugu yetu. Kila akija ananipa shilingi mia mpya, haijakunjwa. Nilikuwa naziweka kwenye Biblia ya bibi. Mwaka ule akaondoka na mimi, nikafua nguo za nyumba yake miaka minne mpaka mwalimu wa kanisani akanipeleka shule. Sikumtikisa mtu. Ungenitikisa mimi? Ile sarafu mimi niliiona tangu ukurasa wa kwanza, nikajua."

Nilisoma nikiwa nimekaa kitandani gizani. Asubuhi nilifungua uhakiki wangu, nikafuta mistari ile mitatu juu ya upole wa Yusuf, nikamwomba ruhusa ya kuweka maneno yake mahali pake bila jina lake. Alikubali kwa sharti moja: nibadilishe mkoa. Singida siko alikotoka.